Tusimsingizie Mungu Sahani Zetu



Wapendwa wasomaji wetu, tafakari ya juma hili huenda isiwapendeze wengi. Tumeiahirisha mara mbili, tukitafuta namna laini ya kuisema, na hatukuipata. Basi tutaisema kama ilivyo, tukianza na makosa yetu wenyewe kabla ya kuyataja ya wengine.

Majuma sita yaliyopita tulimzika mwanaparokia mwenzetu, baba wa watoto wanne, akiwa na umri wa miaka 54. Hatutamtaja jina, na yale tunayoyaandika tumeyaandika kwa ruhusa ya mjane wake. Siku ya mazishi wasemaji walisimama mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alihitimisha kwa maneno tuliyoyazoea misibani, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nasi katika mahubiri yetu tuliyarudia. Baada ya maziko tulikaribishwa chakula. Palikuwa na pilau, nyama ya kukaanga, viazi vya kukaanga na soda za kila rangi. Tulikula, tukaongezwa, tukala tena.

Jioni, tulipokwenda kuaga, mjane yule alituita pembeni. Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira: “Baba, umehubiri vizuri, nami nashukuru. Lakini naomba nikuulize. Miaka minane iliyopita daktari alimwambia mume wangu aache soda, apunguze wanga na mafuta, atembee kwa miguu. Nilikuwepo. Karatasi ya maelekezo ninayo kabatini mpaka leo. Mimi ndiye niliyempikia. Wanajumuiya ndio waliomwambia asiogope, kila mtu ana siku yake. Hata wewe, Baba, ulipokuja kubariki nyumba yetu ulimsifu kwa kitambi chake. Sasa, katika haya yote, kazi ya Mungu ni ipi, na yetu ni ipi?”

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia, “Pole, Mama,” tukaondoka. Swali lake tumekwenda nalo altareni na kitandani, na leo tunajaribu kulijibu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa maana wengi wetu tunauogopa bila kuufahamu. Chakula cha wanga na cha sukari kikishasagwa tumboni huingia katika damu kama sukari. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari hiyo njia ya kuingia katika seli za mwili ili itumike kama nguvu. Mtu anapobeba mafuta mengi mwilini, hasa yale yanayozunguka tumbo, na anapokaa muda mrefu bila kuushughulisha mwili, seli zake huanza kuwa nzito kuitikia insulini. Kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, hatimaye huelemewa, na sukari hubaki katika damu. Hiki ndicho kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho walicho nacho walio wengi miongoni mwa watu wazima wanaougua kisukari.

Ugonjwa huu hauna haraka. Huweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila mtu kuhisi lolote, huku sukari ikiharibu mishipa midogo ya macho, ya figo na neva za miguu. Mgonjwa hukanyaga msumari asihisi, kidonda huoza, mguu hukatwa. Figo zikishindwa, damu husafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma, saa nne hivi kila mara. Shinikizo la juu la damu nalo ndivyo lilivyo: huharibu moyo na ubongo kimya kimya, na wapo wanaogundua kuwa wanalo siku wanayopata kiharusi. Marehemu wetu alipita karibu hatua zote hizo. Kilianza kidole, ukafuata mguu chini ya goti, zikafuata figo, kisha kiharusi.

Wala tusidhani kwamba ni habari ya mtu mmoja. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya nchini Tanzania ulionyesha kwamba mwaka 1991-92 wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa asilimia 11. Katika utafiti wa mwaka 2015-16 walifikia asilimia 28, na kwa wale wa mijini asilimia 42. Utafiti mwingine wa kitaifa, wa mwaka 2012, ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Hizi si nyumba za mbali. Waumini wa benchi moja kanisani kwetu wakihesabiwa, tutawakuta.

Sasa tuje kwenye visingizio, ambavyo ndivyo shabaha yetu leo. Tumevikusanya katika jumuiya, katika misiba, na katika midomo yetu wenyewe.

Kisingizio cha kwanza ni mapenzi ya Mungu. Mkristo anaamini kwamba uhai na mauti vimo mikononi mwa Muumba wake, na imani hiyo hatuigusi. Lakini Mungu huyo huyo ametupa akili, na hiari, na mkono unaopeleka tonge kinywani. Mtu akiendesha pikipiki usiku bila taa akaingia mtaroni, hatusemi kwamba Mungu alizima taa. Kwa nini basi mtu akiambiwa na daktari kuacha soda, akaendelea nayo miaka minane, tunaikabidhi hesabu yote mbinguni? Kusema hivyo kunaitwa uchaji, lakini ndani yake mna uvivu, na mna kumsingizia Mungu jambo ambalo hakulitenda. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, na kwamba tunawiwa kuzitunza kwa busara. Kilichokabidhiwa hudaiwa hesabu.

Kisingizio cha pili ni ukoo. “Kwetu kisukari ni cha kurithi, Padre, hata nikifunga kula kitanifika.” Ni kweli kwamba urithi una nafasi yake, mwenye wazazi wagonjwa yumo katika hatari kubwa kuliko mwenzake. Lakini hatari si hukumu. Nchini Marekani ulifanyika utafiti mkubwa uliotolewa matokeo yake mwaka 2002. Watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, waliokuwa ukingoni mwa kisukari, waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilisaidiwa kubadili ulaji, kupunguza kama asilimia 7 ya uzito, na kufanya mazoezi ya kiasi, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa juma. Katika muda wa takriban miaka mitatu, kundi hilo lilipunguza uwezekano wa kuugua kisukari kwa asilimia 58 likilinganishwa na wale ambao hawakupewa msaada huo. Waliopewa vidonge walipunguza kwa asilimia 31. Angalieni vema, wapendwa: miguu na sahani vilishinda vidonge. Kwa hiyo mwenye ukoo wa kisukari ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kujihadhari, badala ya kuwa wa kwanza kukata tamaa.

Kisingizio cha tatu ni heshima. Katika nchi yetu mtu akinenepa tunasema amenawiri, mambo yake yamenyooka, mkewe anamtunza. Tunajua mawazo haya yalikotoka. Wazee wetu waliishi miaka ya njaa, ambayo mwembamba alikuwa wa kwanza kuzikwa. Kisha ukaja UKIMWI, na katika miaka ya themanini na tisini mtu aliyepungua uzito alinong'onwa sokoni; jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo kwa jina lenye maana ya kukonda. Haishangazi kwamba hadi leo wapo wanaoogopa kupungua hata kwa agizo la daktari, wasije wakasemwa. Lakini hofu ya jana isiwe kaburi la leo. Kitambi hakipimi mapato ya mtu wala mapenzi ya mkewe. Mafuta ya kiunoni ni ya hatari zaidi kuliko yale ya sehemu nyingine za mwili, na sisi tumeyafanya kuwa nishani.

Kisingizio cha nne ni umaskini: “Chakula bora ni cha matajiri.” Hapa hatutaki kuwa wepesi wa kuhukumu, kwa maana zipo familia ambazo kwao swali ni kama watakula, wala si watakula nini. Kwao maneno haya hayahusu, na aibu ya njaa yao ni yetu sisi tuliovimbiwa. Lakini tuwaulize wengine, wale tunaowakuta jioni kwenye kibanda cha chipsi mayai: fungu la mchicha au la matembele lina bei gani kulinganisha na sahani ile? Maharage, kunde na dagaa ni chakula cha nani kama si cha mtu wa kawaida? Ugali wa dona unabaki na pumba na kiini cha mahindi. Katika sembe tumeviondoa, tukawapa kuku, kisha sisi tukala unga mweupe tukijiona tumeendelea. Maji hayana gharama ya soda. Mara nyingi tunalipa zaidi ili tuumwe.

Kisingizio cha tano ni udogo: “Soda moja tu, Padre.” Tuhesabu pamoja. Chupa moja ya soda ya kawaida ina karibu gramu 32 za sukari au zaidi, yaani vijiko vya chai vinane. Hakuna mmoja wetu ambaye angetia vijiko vinane katika kikombe cha chai mbele ya mgeni. Anayekunywa chupa moja kila siku hunywa zaidi ya kilo 11 za sukari kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu mtu anayoipata kwa siku, na ikiwezekana isifikie asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama vijiko sita. Chupa ile moja imekwisha kuvuka mpaka huo wa pili kabla ya chai ya asubuhi, kabla ya andazi na kabla ya keki ya kipaimara. Chumvi nayo inashauriwa isifikie gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, pamoja na ile iliyomo katika mchuzi. Nasi chumvi tunaiweka mezani, tukainyunyiza kabla hata ya kuonja.

Wengine watauliza, haya yanamhusu nini padre? Si kazi ya wauguzi? Tunajibu kwamba ulafi umo katika orodha ya vilema vikuu saba tuliyofundishwa tangu katekesi, ingawa ni nadra mno kuusikia kitubioni. Tunasikia hasira, tunasikia uzinzi, tunasikia masengenyo. Dhambi ya mezani haina mwenye kuikumbuka. Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, na baada yake Mtakatifu Thoma wa Akwino, walifundisha kwamba mtu huweza kuwa mlafi kwa njia tano: kwa kula kabla ya wakati wake, kwa kutafuta vyakula vya anasa, kwa kudai mapishi ya madaha kupita kiasi, kwa kula kingi mno, na kwa kula kwa pupa. Mtakatifu Benedikto, katika kanuni aliyowaandikia watawa wake karne ya 6, aliwaruhusu vyakula viwili vilivyopikwa kila mlo, ili asiyeweza kula kimoja ale kingine, na akawaonya vikali dhidi ya kushiba kupita kiasi. Hao hawakuwa na vipimo vya sukari, lakini walimjua binadamu.

Hata hivyo ni lazima tuweke mipaka, polemiki hii isije ikageuka rungu mikononi mwa wakatili.

Kwanza, ulafi haupimwi kwa mizani. Mwembamba anaweza kuwa mlafi, na mnene anaweza kuwa mtu wa kiasi ambaye mwili wake, dawa anazotumia, au ugonjwa fulani umemwongezea uzito. Yupo mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake limeacha kutoa insulini bila kosa lake wala la mama yake. Anayemcheka mtu kwa unene wake anatenda dhambi iliyo wazi kuliko ile anayodhani ameiona kwa mwenzake.

Pili, hatuutukuzi mwili. Katekisimu ile ile, namba 2289, inaonya dhidi ya kuuabudu mwili na kuutolea yote kafara. Bwana wetu alikula katika nyumba za watu, alihudhuria arusi ya Kana, na adui zake walifikia hatua ya kumwita mlafi. Furaha ya mezani ni njema. Tunachokipinga ni furaha inayomwacha mtoto yatima.

Tatu, wajibu si wa mtu mmoja peke yake. Mfanyabiashara anayetundika tangazo la soda ukutani mwa shule, mpangaji wa mji anayejenga barabara bila njia ya waendao kwa miguu, sisi wazazi tunaomtuliza mtoto kwa pipi: wote tumo. Serikali ina kazi yake, na tuidai. Lakini tukingoja mpaka wote hao watubu ndipo tuanze, tutazikana sana.

Hapa ndipo tunapofika kwenye swali la mjane yule, kwa maana alijitaja yeye mwenyewe: mimi ndiye niliyempikia. Tulirudi kumwona baada ya juma moja, tukamwambia hivi: “Mama, usijitwike msalaba usio wako. Mumeo alikuwa mtu mzima. Alisikia alichoambiwa na daktari, na mara nyingi sahani uliyompunguzia aliijazia kwa jirani.” Aliitikia kwa kichwa. Lakini akatuambia neno ambalo hatutalisahau: “Basi nisaidie nisimpikie hivyo mwanangu wa kwanza. Naye ameanza kunenepa kama baba yake.” Ndugu zangu, huyo ndiye aliyeelewa maana ya wajibu kuliko sisi wahubiri. Lawama ingemlaza chini akilia. Wajibu ulimwinua amtazame aliye hai.

Na sasa zamu yetu. Sisi tunaowaandikia haya tulikwenda kupimwa siku tatu baada ya mazishi yale. Tulikutwa na kilo 97 kwa urefu wa mita 1.72. Mkigawanya kilo hizo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, mtapata karibu 33, na kuanzia 30 huitwa unene wa kupindukia. Shinikizo la damu lilikuwa 158 kwa 98. Muuguzi alituuliza tunakula nini, tukaanza kumhesabia juma lililopita: kipaimara mbili, ndoa moja, jubilei ya watawa, mazishi, na jumuiya nne. Kila mahali padre hupakuliwa wa kwanza, hupewa mnofu, huongezwa bila kuulizwa, na akikataa mwenyeji hununa. Tulitaka kusema kwamba waumini ndio wanaotunenepesha. Kisha tukasikia kwamba tumetoa kisingizio cha sita. Hakuna mwanaparokia aliyewahi kututia tonge kinywani kwa nguvu. Tulikuwa na mdomo wa kusema “inatosha”, nao mdomo huo tulikuwa tumeujaza.

Leo, majuma sita baadaye, tumepungua kilo 3 tu, na vidonge vya presha tunameza. Hatujivunii. Tunataja ili mjue kwamba anayewaandikia naye yumo safarini, na kwamba njia ni ya polepole.

Lakini hapo pana jambo linalotuhusu sote kama parokia: wajibu wa mwenyeji. Utamaduni wetu wa ukarimu ni mzuri mno, na tunauharibu tunapoufanya kuwa wa kulazimishana. Mgeni akisema ameshiba tunamwambia anatudharau. Mgonjwa wa kisukari akikataa soda tunamwambia, “Leo ni sikukuu, moja haiui.” Maneno hayo yalisemwa kwa marehemu wetu mara nyingi, na kwa mapenzi mema. Anayemshawishi mgonjwa avunje agizo la daktari wake amejitwalia sehemu ya wajibu, hata kama alitabasamu alipokuwa akisema.

Hata mfungo wetu tumeuharibu. Sheria ya Kanisa inawataka waamini kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tangu wanapotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60. Ni siku mbili kwa mwaka. Nasi mchana tunashinda na njaa, jioni tunalipiza kisasi, na Pasaka ikifika tunakula kana kwamba Kwaresima ilikuwa deni. Mfungo ulikusudiwa kumfundisha mtu kuliambia tumbo “hapana” kwa hiari, ili siku ya kulazimika awe amezoea. Atakayeshindwa kuacha soda kwa siku arobaini na ajiulize ni nani bwana na ni nani mtumwa.

Basi, baada ya kushauriana na halmashauri ya walei, tunapendekeza haya, na tunaanza nayo Jumapili ijayo.

Moja. Katika mikutano yote ya parokia na ya jumuiya kinywaji kitakuwa maji, na kitafunwa kitakuwa matunda ya msimu, au mahindi na mihogo ya kuchemsha. Anayetaka soda atainunua kwa fedha yake na kuinywa kwake.

Mbili. Kila mgeni atajipakulia mwenyewe, padre akiwamo. Kipimo cha kukumbuka ni rahisi: nusu ya sahani mboga za majani na nyingine, robo wanga, robo maharage, samaki au nyama. Mwenye kuacha kuongeza asiulizwe sababu.

Tatu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya Misa ya pili, wauguzi wa parokia waliojitolea watapima shinikizo la damu, uzito na kiuno. Kupima sukari watatuelekeza kwenye kituo cha afya. Akina baba, msijifiche. Akina mama hutangulia katika kila kipimo, nanyi hutangulia makaburini.

Nne. Anayekaa umbali wa nusu saa kwa miguu, na mwenye afya ya kuweza, aje Misa kwa miguu. Kwenda na kurudi ni saa nzima. Akiongeza siku tatu za nusu saa katika juma, amezitimiza dakika zile 150.

Tano. Tuache kusalimiana kwa miili. “Umenenepa, hongera” na “umekonda, una nini?” zote zina sumu. Tuulizane habari za nyumbani.

Sita, na hili ni la tahadhari. Mwenye kisukari au presha asiache dawa kwa sababu ya makala hii, wala kwa sababu ya maombi ya mtu yeyote, wala asianze kufunga bila kuongea na daktari wake. Anayetumia insulini akifunga kiholela sukari yake inaweza kushuka akapoteza fahamu. Kumtumaini Mungu hakumzuii mtu kumeza kidonge.

Tunajua yatakayosemwa. Watasema padre ameishiwa mahubiri, sasa anahubiri mchicha. Na wasema. Mtume Paulo alipowafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, hakuwa akizungumzia mwili wa mfano. Alizungumzia huu wenye tumbo, figo na vidole vya miguu. Paa la kanisa letu lilipovuja tulichangishana mwaka mzima. Hekalu jingine linavuja, na ukarabati wake hauhitaji mchango wa mtu yeyote.

Jumamosi iliyopita tulisali Misa ya arobaini nyumbani kwa marehemu. Baada ya Misa watu walikaa mkekani na kwenye viti wakingoja pilau. Yakaletwa makande, mchicha wa nazi kidogo, samaki wa kuchemsha, mapapai na ndoo za maji safi. Tulisikia minong'ono, mmoja aliuliza kama michango haikutosha. Mjane aliinuka akasimama karibu na sufuria, akasema, “Michango ilitosha, na iliyobaki ni ya ada ya watoto. Leo naomba mle kile ambacho daktari alimwambia ale.” Pakawa kimya. Kisha mwanawe wa kwanza alichukua sahani, akawa wa kwanza kujipakulia, nasi tukafuata nyuma yake.

Tumwombe Mungu atujalie fadhila ya kiasi, awape faraja wagonjwa wetu, na ampumzishe marehemu kwa amani. Lililo letu, tulifanye sisi.

Ni sisi Paroko wenu.